Konveta ya fiba: ruta inaonyesha linki hai ilhali fiba imekatika

Msimamizi wa Chuo, Tanga

Ndugu wataalamu, ninasimamia mtandao wa chuo chenye majengo mawili yaliyotenganishwa na barabara. Fiba ya nyuzi mbili imepita chini ya barabara hiyo, na kila upande kuna konveta ya megabiti 100 inayoiunganisha na kebo ya shaba. Ruta ya jengo kuu ina njia mbili zilizoandikwa kwa mkono: ya kwanza ni ya fiba, na ya pili, ya redio, ni ya akiba. Hivi karibuni wachimbaji wa mtaro wa bomba la maji waliikata fiba, nami nikatarajia ruta ihamie kwenye redio yenyewe. Haikuhama. Taa ya poti iliendelea kuwaka kijani, na data zote zikaendelea kupelekwa kwenye njia iliyokufa hadi fundi alipochomoa kebo ya konveta kwa mkono.

Ubavuni mwa konveta kuna safu ya swichi ndogo, na ile iliyoandikwa LFP (Link Fault Pass-through, yaani kupitisha taarifa ya hitilafu ya linki) imezimwa. Je, niiwashe? Mwenzangu anapinga, kwa hoja kwamba ikiwashwa, hitilafu yoyote itazima taa zote na hatutajua pa kuanzia kutafuta.

Fundi Swichi

Ndugu Msimamizi, ruta yako ilifanya ilivyopaswa kwa taarifa iliyokuwa nayo. Ruta haiioni fiba; inaiona konveta iliyo kando yake tu, na kebo fupi iliyo kati yao ilikuwa nzima. LFP ikiwa imezimwa, kila poti ya konveta hujitegemea, kwa hiyo upande wa shaba huendelea kutangaza linki hata kama upande wa mwanga umekufa. Njia iliyoandikwa kwa mkono huondolewa kwenye jedwali la njia la ruta pale poti yake inapoanguka, yaani inapopoteza linki. Poti isipoanguka, njia ya akiba haipati nafasi.

LFP ikiwashwa, konveta iliyopoteza mwanga huzima poti yake ya shaba, na iliyopoteza linki ya shaba huacha kutuma mwanga, ili hitilafu ya upande mmoja ifike hadi kifaa cha upande wa pili. Iwashe kwenye konveta zote mbili.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Fiba yako ina nyuzi mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na huweza kukatika mmoja tu. Hapo upande mmoja hubaki ukipokea mwanga na kuamini kwamba mambo ni shwari. Kwa ajili hiyo, kiwango cha 100BASE-FX, yaani Ethaneti ya megabiti 100 juu ya fiba, kina ishara ya hitilafu ya upande wa mbali, FEF (Far-End Fault): asiyepokea mwanga hutuma mfululizo wa biti 84 za moja ukifuatiwa na biti ya sifuri, ukirudiwa angalau mara tatu, na mwenzake akiupokea huangusha linki yake. Ikiwa konveta zako zina FEF, iwashe pamoja na LFP.

Mkagua Linki

Nakubaliana na Fundi Swichi kuhusu kazi ya kila siku, lakini hoja ya mwenzako nayo ina uzito, na ndiyo maana hali ya majaribio ipo. Unapokwenda kutafuta hitilafu, zima LFP na FEF pande zote mbili, ili kila taa iseme habari ya poti yake peke yake. Kisha mmoja asimame jengo kuu na mwingine ng'ambo, msomeane taa kwa simu.

Tuseme taa ya fiba ya jengo kuu inawaka na ya ng'ambo imezimika. Maana yake uzi unaoleta mwanga jengo kuu ni mzima, na shaka inabaki kwenye uzi unaokwenda ng'ambo, kwenye kitumaji cha jengo kuu, au kwenye kipokeaji cha ng'ambo. Ili kuzitenga shaka hizo, chomoa fiba ya barabarani na uunganishe kitumaji cha konveta na kipokeaji chake mwenyewe kwa kebo fupi ya fiba, kila upande kwa zamu. Taa ikiwaka kote kuwili, geukia uzi wenyewe na viunganishi vyake, ukianza kwa kuvisafisha. Kwa konveta za masafa marefu, weka kwanza kipunguza mwanga, kwa sababu mwanga mkali kupita kiasi huweza kukiharibu kipokeaji. Tafadhali asiwepo mtu wa kuchungulia ncha ya fiba: mwanga wa nanomita 1310 hauonekani kwa jicho, lakini unaweza kulidhuru.

Msimamizi wa Chuo, Tanga

Nashukuru sana. Na tukihamia konveta za gigabiti, mambo yatabaki vivyo hivyo?

Fundi Swichi

LFP itabaki, lakini FEF si sehemu ya 1000BASE-X, kiwango cha gigabiti juu ya fiba. Huko, taarifa ya hitilafu ya upande wa mbali hupitia kwenye majadiliano ya kiotomatiki ya fiba (auto-negotiation), ambayo vifaa viwili hufanya ili kukubaliana jinsi ya kuwasiliana, hivyo usiyazime bila sababu: yakizimwa na uzi mmoja ukakatika, upande unaopokea mwanga utaendelea kuonyesha linki.

Fahamu pia kwamba LFP ikishawashwa, swichi ya mtandao ya ng'ambo ikizimika kwa kukosa umeme, poti ya ruta yako nayo itaanguka. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu wa kuchimba barabara, uliza kwanza kama ng'ambo kuna umeme. Na baada ya majaribio, mkirudisha swichi ndogo mahali pake, zimeni konveta na kuziwasha upya, kwa kuwa baadhi yake husoma swichi hizo pale tu zinapopata umeme.