Naombeni ushauri: nataka kuanzisha tena klabu ya kusoma vitabu vya safari hapa Mtwara

BintiDereva:
Habari za jioni wadau. Wakubwa shikamooni.

Nipo Mtwara mjini, nauza kwenye duka la dawa karibu na soko kuu. Tangu nikiwa mdogo napenda habari za safari. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, na kila akirudi tulimzunguka atuhadithie alikolala, alichokula, mto uliomzuia. Nilipojifunza kusoma nikawa natafuta habari za namna hiyo kwenye vitabu, na mpaka leo sijaacha.

Mwaka jana nilianzisha klabu. Tulikuwa saba. Nikachagua kitabu cha Kiingereza cha kurasa zaidi ya mia tatu, nikaagiza nakala mbili kutoka Dar, zikaja kwa basi, kila moja elfu arobaini na tano. Kikao cha kwanza walikuja watano. Cha pili tulibaki wawili, mimi na jirani yangu. Grupu la WhatsApp likageuka la salamu za asubuhi na michango ya harusi. Iliniuma, kwa sababu wale watu walikuwa na hamu ya kweli, niliiona machoni mwao.

Nataka kuanza tena mwezi wa sita. Tuanze na kitabu gani? Kwa lugha gani? Asiye na hela ya kitabu tumfanyeje? Na tukutane wapi?

Ticha wa Ligula:
Pole dada. Mimi nafundisha Kiingereza, na bado nakwambia kitabu kile ndicho kilichowafukuza. Watu saba, nakala mbili, kurasa mia tatu, wengine hata zamu haikuwafikia.

Chukua kitu kifupi kinachohusu huku kwetu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, na habari zake za Kilwa ni kurasa chache tu. Zinasomwa kwa sauti kikao kimoja, mmoja anasoma wengine wanasikiliza, kisha mnabaki na muda wa kutosha wa kubishana. Na pa kubishania papo. Anausifu mji kwamba ni mzuri kuliko mingi aliyoiona, halafu anasema nyumba zake ni za mbao na mapaa ya majani. Ukivuka kisiwani leo unakuta msikiti mkubwa wa mawe, na unakuta Husuni Kubwa, jumba la sultani yuleyule aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman. Sasa aliona nini? Kumbuka safari zake alizisimulia akiwa amerudi Morocco, zaidi ya miaka ishirini baadaye, na mtu mwingine ndiye aliyeandika. Mimi swali hilo niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kipindi kikaisha hawataki kutoka.

Kipande hicho nilishakitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili yao. Nitakupa.

Mwana wa Masoko:
Mimi natembeza wageni Kilwa Kisiwani, naongezea hapo kwa Ticha. Kisa ambacho kila mtu anakipenda ni cha fakiri wa Yemen aliyemsimamisha sultani siku ya Ijumaa, anatoka kuswali, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda akazivua, akavaa nyingine, akampa. Wageni wangu hutabasamu. Lakini habari inaendelea: mwana wa sultani alizirudisha zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyosifu akaamuru aongezewe kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapo watu hunyamaza. Dada, msikiruke kipande hicho. Ukarimu wa mtu mmoja unalipwa kwa watu ishirini wasiotajwa hata majina, na waliokuwa wakikamatwa ni watu wa bara, mababu wa wengi wetu huku Kusini.

Mkishasoma, njooni. Kibali cha kutembelea kisiwa kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua.

Mpenda Lugha:
Naheshimu mliotangulia, ila kwa nini tuanze na jicho la mgeni? Wapo Waswahili walioandika safari zao kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo yumo Selim bin Abakari anayesimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Mtu wa pwani anaitazama Ulaya na kuwaeleza watu wa kwao, kwa maneno ya kwao! Niliposoma mara ya kwanza nilikaa nikakirudia usiku huohuo. Tahajia yake ni ya kizamani, utakuta "hatta" na "barra", lakini mkisoma kwa sauti sikio linazoea haraka.

Hilo pia linajibu swali la hela. Kitabu cha zamani kiasi hicho hakimiliki yake imekwisha, kitoeni nakala stesheneri bila wasiwasi. Vipya msivitoe kopi. Sheria ya hakimiliki tuliyo nayo ni ya 1999, na mwandishi naye anakula kwa kalamu yake. Kipya mnanunua nakala moja kwa kuchanga, mnasomeana. Baadaye mkizoea, tafuteni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Mle mna msafara wa kwenda bara ambao hamtausahau.

Mmasasi:
Livingstone naye msimwache. Alipita Mikindani mwaka 1866 na ngamia na nyati wa kubebea mizigo, akafuata Ruvuma. Ila msomeni kwa kumtafuta Chuma, mtumishi wake aliyekuwa Myao. Livingstone alipofia bara, yeye na mwenzake Susi ndio walioongoza wenzao kuubeba mwili wake mpaka pwani.

Mama Shangani:
Mwanangu, mambo mawili tu. Msikutane hotelini, maana asiye na hela ya soda ataona aibu na hatarudi. Barazani kwa mtu panatosha, mkeka na chai. Na iwe saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro, ili kina mama wawahi nyumbani. Mwezi wa kumi ukifika, korosho zikianza, punguzeni vikao, msiwalaumu watu wakikosa. Grupu la WhatsApp lifunge, uandike wewe tu: siku, saa, mahali.

Mzee wa Ndundu:
Marahaba wote. Mimi si msomaji mkubwa, Kiingereza kinanipiga chenga, lakini kusikiliza naweza. Nilikuwa utingo wa malori ya Dar na Mtwara kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Masika Rufiji ikijaa, tulilala Ndundu tukisubiri kivuko siku hata tatu, nne. Tulipika pamoja watu tusiojuana. Nimeona mtoto akizaliwa kwenye foleni ile. Vijana wa sasa wanapita pale dakika mbili na hawageuzi shingo. Mkinipa nafasi baada ya hicho kitabu cha Kilwa, nitasimulia.

BintiDereva:
Ahsanteni sana, nimewasoma wote mara mbili. Nimeamua hivi: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa kumi, barazani kwetu Chikongola. Tutasoma Kilwa ya Ibn Battuta kwa tafsiri ya Ticha, na watumwa hatutawaruka. Kikao cha pili ni Selim bin Abakari. Hakuna atakayetakiwa kuwa amesoma nyumbani. Mmasasi, wewe nitakutafuta tukifika kwa Chuma, unisaidie.

Mzee wangu, nafasi yako ipo kikao hichohicho cha kwanza. Ukiniruhusu nitaandika unavyosimulia. Ya baba sikuyaandika, na mengi yamenipotea.

Mzee wa Ndundu:
Andika, mwanangu. Baba yako alikuwa anaendesha lori gani? Huenda tulilala naye Ndundu.