Santuri za maktaba kuziingiza kwenye kompyuta kwa bajeti ndogo, nianzie wapi?

mtunzarafu
Wakuu habari zenu. Maktaba yetu ina santuri mia kadhaa, nyingi ni LP (zile kubwa za spidi 33), na kuna boksi la zile nzito za zamani za spidi 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika. Bosi anataka zote ziwe za dijitali ila hela aliyotoa inachekesha. Pleya za USB za bei chee zinafaa au ntaharibu mali ya watu? Na nikirekodi MP3 moja kwa moja ili diski isijae kuna shida?

kanda_mbili
Kabla ya pleya anza na daftari mkuu. Pitia kava moja moja, ambayo imeshatoka kwenye CD au ipo mtandaoni iache, baki na zile ambazo hakuna mwingine anazo, kwaya, hotuba, bendi zilizorekodi mara moja zikapotea. Maana hapa hakuna shotikati, upande wa dakika 22 unakula dakika 22, bado kusafisha, kukata nyimbo na kuandika majina, kwa hiyo kinachomaliza bajeti ni muda wa mtu wala sio mashine.

Pleya ya USB sawa tu ila mkono wake uwe na uzito wa kurekebisha. Zile za kisanduku zinakandamiza gramu 5 hivi wakati katriji nzuri (kile kichwa kinachoshika sindano) inataka kama 2.

sindano78
Hizo 78 usizipige na sindano ya LP!! Mfereji wake mpana, sindano inazama chini kwenye uchafu. Na spiriti usiguse kabisa, nyingi ni za sheleki (utomvu mgumu wa wadudu), alkoholi inaiyeyusha.

MP3 hapana. Rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, 96 kHz, ni kama GB 2 kwa saa, ukiigeuza FLAC (faili lililobanwa) inapungua sana na hupotezi kitu. MP3 utatoa humo baadaye. Programu ya kurekodia, Audacity, ni bure.

mtunzarafu
Asanteni. Nimechomeka pleya ya zamani tuliyonayo kwenye kompyuta, sauti nyembamba kama ya mbu, besi hamna kabisa??

sindano78
Huna priampu ya fono, kile kikuza sauti kidogo cha kati ya pleya na kompyuta. Santuri inachongwa besi ikiwa imepunguzwa, priampu ndo inairudisha. Ya bei ndogo inatosha, hela inayobaki nunua sindano mpya.

kanda_mbili
Na diski ya pili ya kopi, ikae jengo lingine.