Kiatu cha Ruthu 4 na kile cha Kumbukumbu 25, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, Jumamosi ni zamu yangu kuongoza jumuiya na nimepewa Ruthu sura ya 4, sasa pale mstari wa 7 na 8 yule ndugu wa ukoo aliyekuwa wa kwanza kwa haki anavua kiatu chake kuonyesha kamwachia Boazi, ndugu mwingine wa ukoo, haki ya kukomboa shamba la marehemu Elimeleki (baba mkwe wa Ruthu) na kumchukua Ruthu aliye mjane, hapo freshi. Shida ni Kumbukumbu la Torati 25:9, huko mjane ndo anamvua kiatu shemeji aliyekataa kumwoa na kumtemea mate usoni, tena mbele ya wazee! Mi naona ni mila mbili, maana Kumbukumbu inasema ndugu wanaokaa pamoja, huyu wa Ruthu ni wa ukoo tu. Ila kuna bibi mmoja (kwa maswali humuwezi) lazima aulize mbona Ruthu hakutema, nimjibuje?