Kwenda ExpoNG kutazama reli nyembamba: nitazame nini ili niunde tawi la Voi–Taveta?

Mzaliwa wa Voi

Wadau, salaam. Ninaishi Uingereza, na Oktoba ninakusudia kwenda ExpoNG, maonyesho ya modeli za reli nyembamba yanayoandaliwa na chama cha wapenzi wa reli hizo cha Greenwich na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika Swanley, Kent. Nataka kuunda, juu ya rafu ya sebuleni, kipande cha tawi la Voi–Taveta, lile lililojengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuunganishwa mwaka 1916 na reli ya Wajerumani kule Kahe. Hata hivyo, picha nyingi ninazoziona ni za reli za machimbo na mashamba zenye upana wa milimita 600 hivi, ilhali yetu ni ya mita moja. Je, nitapata cha kujifunza huko, na nichague skeli (kipimo cha kupunguzia) ipi?

Fundi wa Mataruma

Ndugu, nenda bila wasiwasi. Reli yoyote ambayo upana wa njia yake uko chini ya milimita 1,435, yaani ule wa kawaida, ni nyembamba, kwa hiyo yetu imo.

Kuhusu skeli, piga hesabu kwanza. Modeli nyingi utakazozikuta ni za 009, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 76 na njia ina upana wa milimita 9, ambayo kwa uhalisia ni takribani milimita 685. Hiyo inafaa sana reli za Wales zilizobeba slate (mawe ya kuezekea), kama ile ya Ffestiniog iliyofunguliwa mwaka 1836, lakini haitufai sisi. Skeli ya H0m hupunguza kila kitu mara 87: ukigawanya milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5, na ndiyo maana hutumia njia ya milimita 12. Faida yake kubwa ni kwamba Waswisi wana reli nyingi za mita moja, hasa Rhätische Bahn, na kwa sababu hiyo njia, magurudumu na chasisi huuzwa tayari. Mabehewa ya kwetu utalazimika kuyaunda mwenyewe.

Binti Tabora

Nakubaliana na kaka kuhusu H0m, ila ningependa umakini wako uwe kwenye mwendo zaidi kuliko mandhari. Injini ndogo ina magurudumu machache na uzito mdogo, na umeme wake huupata kupitia reli; vumbi kidogo tu, au kipande cha plastiki pale njia zinapogawanyika, huisimamisha. Simama mbele ya kila modeli hadi uone treni ikipita hapo polepole, kisha muulize mwendeshaji ameongeza uzito wapi na kama ameweka kapasita ya kuhifadhi umeme. Msubiri amalize kupanga mabehewa, kwa maana wengi wao hupenda sana kueleza kazi yao.

Vilevile omba kuona upande wa nyuma. Huko ndiko treni hufichwa na kupangwa upya kabla ya kutokea tena mbele, na kwa mtu mwenye rafu fupi kama wewe, somo hilo lina thamani kuliko vilima na miti yote.

Mzaliwa wa Voi

Ahsanteni sana. Nilitamani pia injini kubwa ya mvuke aina ya Garratt, ya daraja la 59, ile ya tani 252 iliyoundwa Manchester. Je, itapita kwenye kona za rafu?

Fundi wa Mataruma

Kupinda si tatizo lake kubwa, kwa kuwa birika lake la mvuke (boila) limebebwa na seti mbili za magurudumu, kila moja ikigeuka peke yake. Garratt ya kwanza kabisa, K1 ya mwaka 1909, iliundwa kwa ajili ya reli ya milimita 610 huko Tasmania, na baadaye ilitumika Wales kwenye reli ya Welsh Highland. Ukiona Garratt ya modeli ExpoNG, inama usawa wa njia uangalie jinsi ncha zake zinavyotoka nje ya kona. Hapo utajua uache nafasi kiasi gani kabla ya kuweka ukuta wa stesheni. Kwa rafu, hata hivyo, ningeanza na injini fupi ya tangi (inayobeba maji yake yenyewe) na mabehewa matatu, kisha Garratt ije baada ya njia kukubali.