Naomba ushauri: usuluhishi wa ndoa na shamba la mikorosho, Masasi

Habari zenu ndugu, mi niko huku Masasi. Mimi na baba watoto tumeachana vyumba kitambo tu na sasa kila mtu anataka njia yake, ugomvi umeisha kilichobaki ni mgawanyo. Yeye anataka tumalizane kwa wazee wa pande zote mbili basi, shangazi zake washapanga na kikao kabisa (mashangazi hawa wakiamua jambo, we nyamaza tu). Mi nasikia sheria ya ndoa ya 1971 inataka tupite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, likishindwa kutupatanisha linatoa hati ndo unaenda nayo mahakamani.

Sasa kinachoniumiza ni shamba. Mikorosho tumepanda wote, palizi mimi, kupuliza salfa yeye, kuokota mimi na watoto, ila kule chama cha msingi (ushirika wa wakulima unaouza korosho zetu) jina ni lake na hela ya mnada inaingia akaunti yake, na msimu ndo huo Oktoba unakuja. Nijuavyo baraza linapatanisha tu, kugawa mali ni kazi ya mahakama, je tukikubaliana kwa maandishi mbele ya wazee ile karatasi mahakama inaitambua au ndo kujifurahisha?

Na mtoto wa mwisho ana miaka mitano, nataka abaki kwangu.

Sisi ni Waislamu, niende baraza la usuluhishi la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au la kata? Aliyepitia hili anielekeze tafadhali, na kama nitafute msaada wa kisheria mapema au nisubiri kikao cha mashangazi kwanza.