Mizani ya ubeti huu inanikataa, na uzungumzi nafsi ni upi katika tamthilia?

mwanagenzi
Shikamooni walimu wa hapa jukwaani. Nina maswali mawili ya fasihi. La kwanza ni la ubeti huu wa mazoezi:

Mvuvi amka sasa, maji yameshatulia,
Usingoje saa tisa, upepo utakujia,
Nyavu zetu za kisasa, ng'ambo zimetangulia,
Nchi haili anasa, jasho ndilo la kulia.

Ukwapi (kipande cha mbele cha mshororo) wa kwanza napata mizani (silabi) 6, wa mshororo wa nne napata 7, ilhali utao (kipande cha pili) wote una 8. Je, hili ni shairi guni, yaani lenye kasoro ya mizani au vina? Na nikiulizwa bahari (aina ya shairi) niandike nini? Beti zinazofuata zinaishia na mshororo huohuo wa "Nchi haili anasa".

La pili: uzungumzi nafsi, monolojia na maneno ya kando vinatofautianaje? Kila kitabu kina maelezo yake.

mizani16
Marahaba. Si guni. Ubeti umetimia, 8 kwa 8 kila mshororo. Kinachokupoteza ni M na N zinazosimama peke yake.

Hesabu hivi: m-vu-vi-a-m-ka-sa-sa. Nane. Wewe umehesabu "mvu" kama silabi moja na "am" kama silabi moja, ndiyo maana mbili zimepotea. M ya ngeli ya kwanza na ya tatu asili yake ni "mu", kwa hiyo hubeba mizani yake: m-tu, m-ti, m-vu-vi. Lakini ikifuatwa na w ikawa "mw", huungana: mwa-na ni mizani 2, si 3.

Mshororo wa nne: n-chi-ha-i-li-a-na-sa. Nane tena. N husimama peke yake katika maneno mafupi kama n-chi, n-ne, n-ta, n-je. Neno likirefuka kwenye shina, N humezwa na konsonanti inayofuata: nji-a, ndu-gu, ngo-ma. Ndiyo maana "nje" na "njia" zote zina mizani 2.

Mtego mkubwa zaidi ni mb. "Mbuzi" ni mbu-zi, 2. "Mbu" ni m-bu, 2 vilevile. Halafu kuna "mbaya", ambayo hesabu yake hutegemea nomino inayoelezwa: mtu mbaya ni m-ba-ya (3), njia mbaya ni mba-ya (2). Soma kwa sauti kabla ya kuandika tarakimu, sikio litakuambia. Na irabu mbili zikifuatana kila moja ni mizani: sa-a, ku-pa-a.

tao_la_kati
Naongezea kuhusu bahari, maana hapa alama hupotea hata kwa wanaojua.

Shairi moja huwa na bahari zaidi ya moja kwa wakati mmoja, inategemea unaangalia nini. Kwa idadi ya mishororo, hili ni tarbia (minne). Kwa vipande, ni mathnawi (viwili, ukwapi na utao). Vikiwa vitatu, yaani kuna na mwandamo (kipande cha tatu), lingekuwa ukawafi. Kikiwa kimoja tu cha mizani 8, na kina (sauti ya mwisho wa kipande) cha mshororo wa mwisho wa kila ubeti hakibadiliki toka mwanzo hadi mwisho, huo ni utenzi. Hivyo ndivyo ulivyo Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858.

Kwa vina, ubeti mmoja hautoshi kuamua. Wako una sa katika ukwapi na a katika utao. Nenda ubeti wa pili. Vikibaki sa na a, ni mtiririko. Tuseme unaanza hivi: "Chombo kimejaa kamba, tanga lataka kupaa", hapo ukwapi umehamia mba, utao umebaki a, basi ni ukara. Vyote vikibadilika kila ubeti, ni ukaraguni.

Angalizo ambalo wengi hawaambiwi: kibwagizo hurudi na vina vyake vilevile, kwa hiyo kisikuchanganye. Linganisha mishororo mitatu ya mwanzo ya kila ubeti. Vinginevyo utaliita kila shairi lenye kibwagizo mtiririko.

Na kwa kuwa mshororo wako wa mwisho unarudiwa, ni kibwagizo (kiitikio, mkarara). Usiuite kimalizio, hicho ni kile kinachobadilika kila ubeti. Ungekuwa umekatwa ukabaki "Nchi haili anasa" peke yake, lingekuwa msuko.

Ukiulizwa umbo, kila hoja iende na ushahidi wake: "Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao." "Kila mshororo una mizani 16, yaani 8,8." Anayeandika "shairi lina mizani 16" amekosea, maana hiyo ni ya mshororo mmoja.

nyuma_ya_pazia
Niende kwenye tamthilia. Nitatumia mchezo mmoja tu, ule wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri (1963, kisha akautoa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari), kwa sababu una mifano yote mitatu.

Uzungumzi nafsi: mhusika yuko peke yake jukwaani na anajisemea, hadhira inasikia anachowaza. Brutus, mmoja wa watakaomuua Caesar, yuko bustanini mwake usiku, kijana wake Lucius ameshatoka, naye anajishawishi kwamba Caesar lazima afe. Hakuna anayejibu wala anayesikia ila sisi.

Monolojia: hotuba ndefu ya mtu mmoja mbele ya wahusika wengine. Mfano ni Antony, rafiki wa Caesar, kwenye mazishi yake, akiwa na umati wa Warumi. Urefu si kigezo cha kuitofautisha na uzungumzi nafsi, kigezo ni nani anasemeshwa. Umati huo unaitika na kubadilika kadiri anavyosema, kwa hiyo usiuite uzungumzi nafsi hata kama amesema kurasa mbili.

Maneno ya kando: wahusika wengine wapo, lakini kwa mapatano ya jukwaa hawasikii. Caesar anamwambia Trebonius, mmoja wa waliokula njama ya kumuua, akae karibu naye. Trebonius anakubali, kisha anasema kando kwamba atakuwa karibu mno hadi marafiki wa Caesar watatamani angekuwa mbali. Tafuta maelekezo ya jukwaani yaliyo kwenye mabano au italiki, hayo ndiyo ushahidi wako.

mwanagenzi
Nimeelewa, asanteni sana. Je, hapo kwa Trebonius naweza kusema ni kinaya? Au kejeli?

nyuma_ya_pazia
Kinaya, tena kinaya cha kidrama: hadhira inajua asichokijua mhusika. Caesar anawakaribisha mvinyo haohao watakaomuua, anataka waondoke pamoja kama marafiki. Kejeli ni ya kauli, msemaji anasifu huku akidharau. Antony anarudiarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima hadi neno heshima linageuka tusi. Hapo andika kejeli, na takriri (urudiaji) pia, ukitaja jinsi umati unavyozidi kuchemka kila akirudia.

mizani16
Nirudi kwa shairi kidogo, usije ukakwama kwenye uhuru wa mshairi. Usitaje inkisari (kufupisha neno) peke yake. Taja neno, umbo lake kamili na kazi yake: "alonifundisha" badala ya "aliyenifundisha", mizani zimepungua toka 7 hadi 6. Mazda (kurefusha neno) ni kinyume chake, "afya" ikawa "afiya", toka 2 hadi 3. Tabdila (kubadili sauti ya neno) haigusi hesabu: "dunia" na "duniya" zote 3, kilichobadilika ni kina. Kwa hiyo ukiandika kwamba tabdila ilitumika ili kutosheleza mizani, mtahini atakukata.