Riwaya ya vijana yenye orisha (miungu) wa Kiyoruba: nguvu za wahusika nizifungeje?

Kalamu_Mbichi: Wakuu, naandika riwaya ya vijana wa sekondari. Mji ni mfano wa Oyo ya kale, dola ya Wayoruba; mhusika mkuu ni binti wa miaka 16. Kila ukoo una nguvu ya orisha mmoja: Shango radi, Ogun chuma, Oya upepo, Yemoja bahari. Kufika sura ya nane mwenye radi anamshinda kila mtu, hadithi imekwama. Pia nataka Anansi, buibui mjanja wa ngano, awe mjumbe wa miungu. Nirekebishe wapi?

Kobe_Mjanja: Bahari kwanza. Oyo ya kale ilikuwa bara, kwenye mbuga, na ilitamba kwa askari wa farasi. Ukoo wa bahari utafanya nini huko? Kwa Wayoruba Yemoja ni wa mto Ogun. Bahari ni ya Olokun. Yemoja wa baharini alishamiri Brazili, na waandishi humbeba kutoka huko bila kuangalia ramani. Oya naye ana mto, tena mkubwa: Niger, ambao Wayoruba huuita Odo Oya.

Anansi ni wa Waakan, Ghana. Mjumbe unaye tayari: Eshu, mkaa njia panda na sokoni. Sadaka haifiki bila yeye kupata fungu lake. Usimgeuze shetani, sura hiyo ilikolezwa na tafsiri ya Biblia ya karne ya 19.

Mwenye radi mfunge kwa kisa cha Shango mwenyewe: alipokuwa mfalme wa Oyo aliita radi, ikateketeza jumba lake na watu wake. Basi radi ya mhusika wako nayo isichague. Halafu weka miiko. Watu wa orisha Obatala hawagusi tembo la mchikichi, maana yeye alilewa akiwa anafinyanga miili ya wanadamu. Adui mwerevu hahitaji upanga hapo, kibuyu kimoja kinatosha.

Mchora_Bao: Mimi ningeondoa nusu ya mapambano niweke Ifa, uaguzi wa Wayoruba. Utaratibu wake: babalawo (mwaguzi wa Ifa) hushika kokwa 16 za chikichi (ikin) kwa mkono mmoja, hujaribu kuzinyakua zote kwa mwingine. Ikibaki moja, anachora mistari miwili kwenye unga wa ubao; zikibaki mbili, anachora mmoja. Zisipobaki, au zikizidi mbili, anarudia. Waandishi hugeuza hapo, wakidhani moja ni moja.

Alama ni nane, nne kulia na nne kushoto, akianza kulia. Kila upande una maumbo 16 yanayowezekana, kwa hiyo odu zote, yaani jozi za maumbo hayo, ni 256. Upande wa kulia ndio mkubwa: umbo la Ogbe kulia na la Oyeku kushoto si sawa na kinyume chake. Mwanafunzi akikosea pande, anasoma odu nyingine kabisa na kuagiza sadaka isiyohusika. Hilo peke yake linakupa sura tatu.

Msomaji wa pwani atayatambua maumbo hayo 16, ni yaleyale ya ramli: mistari minne, kila mmoja ama mmoja ama maradufu. Ila ramli huendelea kuzalisha maumbo mengine kutoka manne ya mwanzo, Ifa huishia kwenye jozi. Usichanganye.

Jambo jingine tamu: mteja hamwambii babalawo shida yake. Babalawo hukariri beti za odu, mteja ndiye anatambua ubeti unaomgusa. Binti wako anaweza kuusikia na kunyamaza makusudi.

Kalamu_Mbichi: Asante sana wakuu. Je, binti anaweza kupiga Ifa mwenyewe?

Mchora_Bao: Wanawake wanaoingizwa kwenye Ifa wapo, huitwa iyanifa, lakini si kila mahali wanakubalika, ubishi huo ni mali kwa riwaya. Njia nyepesi ni kauri 16, ambazo wanawake hupiga bila tatizo. Zinarushwa mara moja, unahesabu zilizolala mdomo juu, 0 hadi 16. Idadi za katikati hutoka sana, 0 na 16 ni nadra mno, kwa hiyo usimpe 16 kwenye sura ya kwanza.

Kobe_Mjanja: Na kauri zake ziwe zimetobolewa mgongo, vinginevyo hazilali vizuri upande huo.